Msanii Mpya wa Miaka Kumi

Alfajiri ya Jumatatu, Februari 3, 2025, mtoto wa dada yangu aliingia sebuleni na simu mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Kule Los Angeles ilikuwa bado Jumapili usiku na tuzo za Grammy zilikuwa zinaendelea. "Mjomba, Chappell kashinda! Msanii Bora Mpya!" Nikamuuliza mpya tangu lini. Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa chai. Nikamweleza kwamba huyo mpya wake, mwimbaji wa Marekani Chappell Roan, alisaini na lebo kubwa mwaka 2015, wakati yeye mwenyewe bado anavalishwa viatu kwenda chekechea. "Sasa si ndiyo maana kashinda? Kasubiri mno." Akaenda kuoga, awahi daladala.

Orodha yangu ya nyimbo za 2024 ilikuwa tayari tangu Desemba. Kauli ya binti huyu ndiyo iliyonifanya niifungue tena, na nikaona jambo ambalo sikulipanga: karibu wote waliomo wana miaka kumi au kumi na mitano kwenye kazi hii. Hata Billie Eilish, ambaye tumezoea kumwona mtoto, "Ocean Eyes" yake ilipandishwa SoundCloud mwishoni mwa 2015. Na si mimi peke yangu niliyeshikwa na vya zamani. Billboard ya Marekani ilipofunga hesabu za mwaka mzima wa 2024, namba moja ilikuwa "Lose Control" ya Teddy Swims, wimbo uliotoka Juni 2023. Wimbo wa mwaka haukuwa wa mwaka.

Kwangu mimi 2024 ulikuwa mwaka wa watu kulipwa malimbikizo yao. Tofauti ya pop na indie, yaani muziki wa wanaojitegemea bila lebo kubwa, kwa jinsi nilivyousikia mwaka ule, sikuiona kwenye gitaa wala kwenye kinanda. Niliiona kwenye swali la nani anabeba gharama za kusubiri. Kwenye pop lebo hukubebea kwa muda, ikichoka inakutema. Kwenye indie unajibebea mwenyewe tangu siku ya kwanza, na ukitoboa hakuna anayejua ulikopesha kiasi gani.

Chappell Roan amepita njia zote mbili. Ni mtoto wa Willard, mji mdogo wa jimbo la Missouri. Atlantic, ile lebo kubwa, walimchukua akiwa na miaka 17, wakamtema 2020, mwaka uleule alioutoa "Pink Pony Club", wimbo ambao leo umati mzima unauimba kwa moyo. Akarudi kwao, akafanya kazi kwenye dirisha la mgahawa ambako wateja huhudumiwa wakiwa ndani ya magari. Prodyuza wake, Dan Nigro, hakumwacha. Baadaye akamwingiza kwenye lebo yake ndogo iliyo chini ya Island. Albamu ikatoka Septemba 2023 na dunia ikaendelea kunywa chai yake. Kisha akafungua maonyesho ya mwimbaji Olivia Rodrigo, Aprili 5, 2024 akautoa "Good Luck, Babe!", na wiki iliyofuata akapanda jukwaa la tamasha la Coachella.

Wimbo huu ni wa mwanamke anayemwambia mwanamke mwenzake: nenda, kaolewe, jisahaulishe, tutaonana. Umeanza kwa ngoma ya mashine na vinanda vya miaka ya 80, sauti iko chini, kama mtu anayepiga soga huku ameshaamua kuondoka. Kiitikio kinapaa hadi kwenye sauti nyembamba ambayo wengi wetu tukijaribu kuifuata bafuni tunaishia kukohoa. Halafu kinakuja kile kipande kabla ya mwisho, anapomchorea yule mwenzake picha ya miaka ijayo: ameamka usiku wa manane kando ya mume, na ukweli umekaa naye kitandani. Hapo sauti inaacha kupamba, inakuwa karibu na ukelele. Wengi wangeishia hapo. Yeye anaongeza ufundi ambao kila nikiusikia nasimama: sekunde za mwisho wimbo mzima unaanza kuzama, unavutika, unapungua kasi na sauti inanenepa, sawasawa na kaseti kwenye redio ambayo betri zinakwisha. Sisi tuliolelewa na betri za kuanikwa juani ili ziongeze nusu saa tunaijua sauti hiyo tumboni. Ni sauti ya kitu ulichokipenda kinapokufa taratibu na huna la kufanya. Mpwa wangu, mtoto wa bando, mara ya kwanza aliniuliza, "Mjomba, hapo mwisho mtandao ulikata?"

Usiku ule wa tuzo alipanda jukwaani na daftari. Badala ya kutaja orodha ya kuwashukuru, aliwataka wenye lebo wawalipe wasanii wao ujira wa kuishi na kuwapa bima ya afya, hasa wale wanaochipukia. Nilipenda kwamba aliandika kabisa, kama mtu aliyetunza risiti.

"Espresso" ya Sabrina Carpenter sitaisemea sana kwa sababu imejisemea yenyewe: ndiyo iliyosikilizwa kuliko zote Spotify duniani mwaka 2024, zaidi ya mara bilioni 1.6. Kiingereza cha kiitikio chake kimepindwa makusudi na watu walikibishania wiki nzima, kana kwamba kiitikio huwa kinafanya mtihani wa sarufi. Kiitikio kazi yake ni kukaa mdomoni. Carpenter naye alitokea kwenye vipindi vya Disney, albamu yake ya kwanza ni ya 2015, na "Short n' Sweet" iliyompeleka kileleni ni ya sita. Ya sita!

Hapa kuna jambo ambalo nadhani watu wa muziki wa kwetu hawakulitazama vya kutosha. Februari 1, 2024 kampuni ya Universal iliziondoa nyimbo zake TikTok kwa ugomvi wa malipo na masharti, na hawakupatana hadi mwanzoni mwa Mei. Island, lebo ya Carpenter na Roan, ni ya Universal. Maana yake "Good Luck, Babe!" na "Espresso" zote zilizaliwa Aprili, katikati ya ugomvi, wakati ambapo rasmi hazikuwa na haki ya kuwemo kwenye uwanja ambao tunaambiwa ndio pekee unaotengeneza nyota. Wapo mashabiki walioupenyeza muziki huo kwa kuuharakisha au kuupinda sauti, sikatai. Lakini kila siku hapa Dar kuna kijana anaambiwa na meneja wake kwamba bila challenge ya kucheza sekunde 15 hatoboi. Nyimbo mbili kubwa za mwaka zilianza safari mlango huo ukiwa umefungwa.

Charli XCX wa Uingereza ni kesi nyingine ya malimbikizo. Alikuwa kwenye "I Love It" ya Icona Pop mwaka 2012, akawa kwenye "Fancy" ya Iggy Azalea na "Boom Clap" yake mwenyewe mwaka 2014, halafu kwa miaka kumi akawa msanii wa wanaojua. Albamu yake "Brat" ilitoka Juni 7 na jalada la kijani kali lenye herufi nne zilizofifia, jalada ambalo mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kulitengeneza kwa dakika tano, na watu wakalitengeneza kweli. Kamusi ya Collins ikalichagua jina hilo kuwa neno la mwaka. Si kila kitu humo ni changu. "Apple" ilinichosha kabla mvua za vuli hazijafika. Lakini "Girl, so confusing" ni jambo jingine kabisa.

Toleo la kwanza ni la mwanamke anayemsema mwanamuziki mwenzake: tunafananishwa, tunachekeana, sijui kama unanipenda au unangoja nianguke. Wasikilizaji wakaanza kukisia ni nani. Watu wa kwetu wangesema huo ni mpasho, na wangejua kinachofuata. Miaka ya 90, enzi za vikundi vya taarab vya TOT na Muungano, Khadija Kopa akirusha, Nasma Khamis anarudisha, na jibu sharti liwe kali kuliko swali. Ukumbini watu wanatunza hela huku wanakonyezana. Marapa Kendrick Lamar na Drake walitufanyia hivyohivyo mwaka uleule, na "Not Like Us" ya Kendrick ikaondoka na Grammy tano. Sasa Juni 21 likaja jibu kwa Charli: toleo jipya la wimbo uleule, na ndani yake Lorde mwenyewe, mwimbaji wa New Zealand, yule aliyekuwa anakisiwa. Hakurusha. Alieleza kwamba miaka ile alikuwa vitani na mwili wake, anajinyima kula, anaogopa picha, na alipokuwa anakwepa kuonana si dharau, ni aibu. Hakujua kabisa kwamba naye anamkosesha mtu usingizi. Biti ni ileile, ngumu, ya klabu, haikupunguzwa ili tulie vizuri. Nimefukua kumbukumbu zangu zote za taarab na sikumbuki mpasho mmoja uliojibiwa kwa kukiri. Kwa dakika kama tatu na nusu pop ilifanya kitu ambacho baraza la wazee hufanya kwa siku mbili na mbuzi mmoja.

"Birds of a Feather" ya Billie Eilish imo. Nyepesi, tamu, na anapoiachia sauti yake kuelekea mwisho unasamehe kwamba umeisikia kila duka.

Nikaja kwenye upande wa pili, ambako hakuna lebo ya kukutema kwa sababu hakuna lebo. Machi 2024 msanii wa Kanada, Patrick Flegel, anayeimba akiwa amevaa wigi na gauni kwa jina la Cindy Lee, alitoa "Diamond Jubilee": nyimbo 32, zaidi ya saa mbili. Haikuwekwa Spotify wala Apple Music. Ilikuwa YouTube kama faili moja refu, na kwenye tovuti yenye sura ya intaneti ya miaka ya 90, unapakua faili zima la sauti isiyobanwa, na ukipenda unachangia dola 30 za Kanada. Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, wakaipa alama 9.1 kati ya 10, ambayo kwa wanaowafahamu ni kama kupata divisheni wani ya pointi saba.

Nilinunua bando la usiku. Faili lenyewe ni zaidi ya gigabaiti moja, na simu yangu ilikuwa imejaa. Nikaanza kufuta: picha za mikutano, meme, na saa saba usiku, kwa haraka, video ya sendofu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Asilimia zikawa zinapanda kama mtu mzee anapanda ngazi. Saa tisa likaisha. Nikavaa earphone na kulala chali gizani.

Kilichotoka humo kilikuwa redio ya jirani. Sina maelezo mengine. Gitaa jembamba, ngoma kama zimepigwa chumba cha pili, na sauti iko mwisho wa korido ndefu, inaimba viitikio vya wasichana wa Marekani wa miaka ya 60 ambavyo unahisi unavijua ila hujawahi kuvisikia. Ukiwahi kusikiliza kanda za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania enzi zile, unajua jinsi umbali na ukungu wa mkanda unavyoweza kuwa sehemu ya huzuni ya wimbo. Flegel ameutengeneza ukungu huo kwa makusudi. "All I Want Is You" ndiyo ninayoirudia zaidi. Maneno yake yangetosha kwenye kadi ya Valentine, na bado ukiyasikia unajiuliza nani amekufa. Bendi yake ya zamani, Women, ilisambaratika 2010. Tangu hapo amekuwa akijikopesha. Nilimchangia, pungufu ya alichopendekeza, na mpaka leo naona haya.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Mwaka huohuo wa 2024 Spotify walianza utaratibu mpya: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote kwa upande wa rekodi. Kwa msanii mkubwa hilo ni vumbi. Kwa anayeanza, mwenye nyimbo 20 zinazosikilizwa mara mia sita sita, maana yake ni kwamba ule mwaka wa kusubiri ambao zamani ulikuwa na malipo ya kutosha kununua vocha, sasa hauna hata hiyo vocha. Hela haijapotea, imehamia kwa waliokwisha kuvuka. Ndiyo maana namwona Flegel hakuwa mkaidi tu. Alipiga hesabu akaona wasikilizaji mia chache wenye dola 30 wanamlipa kuliko mamilioni ya sekunde.

"Starburster" ya Fontaines D.C., vijana wa Dublin, ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Mwimbaji wao, Grian Chatten, aliuandika baada ya kushikwa na hofu kali ya ghafla kwenye stesheni ya St Pancras, London, na ndani ya wimbo kila mara anavuta pumzi kwa nguvu, ile pumzi ya mtu aliyetolewa majini. Pumzi hiyo ni kiitikio, ni ngoma, ni kila kitu. Mara ya kwanza nilifikiria singeli. Kwenye singeli MC anamwaga maneno hadi unamhurumia mapafu, na pumzi anayoiba katikati ndiyo inayokuonyesha ni binadamu, si mashine. Na kama tunatafuta indie kwa maana yake halisi, sioni kwa nini tuvuke bahari: studio ya Sisso pale Mburahati imekuwa ikipika midundo hiyo miaka mingi kwa kompyuta za kawaida, na mwaka huohuo yeye na Maiko walitoa "Singeli Ya Maajabu" kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ulaya waliisikiliza kwa heshima kubwa. Kwetu bado kuna watu wanasema singeli ni kelele za vigodoro.

Pop ya kwetu nayo ilikuwa na malimbikizo yake. Diamond Platnumz, aliyechukua tuzo ya msanii chipukizi kwenye Kili ya 2010, alipata na "Komasava" wimbo uliomvuta Jason Derulo kwenye toleo la pili na kumfanya Chris Brown aucheze mtandaoni. Nampa alama kwa jina tu: salamu ya Kifaransa iliyoandikwa kama sikio la Mswahili linavyoisikia.

Kuna wimbo mmoja unaoniharibia hoja, na siwezi kuuacha nje. "Anguka Nayo" ya Wadagliz wa Kenya haikungoja mtu. Ni wimbo wa kuchezwa, wa kushuka chini na kuinuka, basi. Juni 2024 vijana wakaingia mitaani Nairobi kuupinga Muswada wa Fedha, wakaubeba. Ukawa unaimbwa mbele ya askari na mabomu ya machozi. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatausaini muswada. Wimbo wenyewe haukubadilika hata neno. Siwezi kuusikiliza kama wimbo wa pop tena, na sijui niuweke namba ngapi, kwa hiyo sikuupa namba.

Namba moja yangu ilitoka Januari, ikakaa pale mwaka mzima: "Right Back to It" ya Waxahatchee. Ndiye Katie Crutchfield wa Alabama. Jina la kisanii amelichukua kwenye kijito cha kwao. Nayo imo kwenye albamu ya sita, "Tigers Blood". Wimbo unafunguliwa na banjo, chombo kilichoundwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, kinatiririka bila haraka. Nyimbo za mapenzi nyingi ni za kukutana au kuachana. Huu ni wa waliokaa: moyo unatangatanga, unajitia wasiwasi wa bure, halafu unarudi na kukuta mwenzio yuko palepale. Kwenye kiitikio anaingia MJ Lenderman, kijana wa Asheville ambaye albamu yake mwenyewe ya mwaka ule, "Manning Fireworks", ina "She's Leaving You", wimbo wa ndoa inayovunjika uliotengenezwa kwa utani mchungu. Hapa hafanyi utani. Sauti yake inakaa chini ya ile ya Crutchfield, imepinda kidogo, haijasafishwa.

Jioni moja umeme ulikatika nikawa naupiga kwenye simu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwa mwanga wa tochi, ungo mapajani. Akasikiliza hadi kiitikio cha pili. "Huyo mwanaume mbona anaimba kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine?"

Nikamwambia ndiyo uzuri wenyewe. Hakujibu. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Hebu rudisha mwanzo," akasema. "Halafu unitafutie na ile video ya sendofu."